Nyonga haikungoja Korona iishe



Mwezi wa tatu 2020, feza za safari zilikuwa tayari. Mama mmoja wetu, nyonga imelika, aende Goma, kisha avuke Kigali kuwekewa nyonga ya chuma. Rwanda ikafunga mpaka. Tarehe 24 Rais Tshisekedi akatangaza hali ya dharura.

Operesheni kama hii waganga wanaiita "isiyo ya haraka". Wachunguzi walikadiria kwamba duniani operesheni zaidi ya milioni 28 zingeahirishwa kwa majuma 12 tu. Tunaelewa, vitanda na oksijeni vilitakiwa kwingine. Lakini isiyo ya haraka si isiyo ya lazima. Mama asiyeweza kuinama hapalilii karanga, hachoti maji, na mguu usiotembea unakonda.

Feza za safari tukazila kidogo kidogo kwa dawa za maumivu, mpaka dawa zenyewe zikamwumiza tumbo. Kosa hilo ni letu. Mpaka ulipofunguliwa, sanduku lilikuwa tupu.

Kwa hiyo tunaomba: feza za operesheni zikae mbali na za dawa, na aliyeahirishwa atangulie. Na fimbo za kutembelea jamani, seremala wetu anazichonga hapa hapa Kasongo. Mama alikaa miezi bila hata moja.