Mtunzi na Madaftari Yake ya Utotoni



Jioni hii twataka kunena habari za Edward Elgar, mtunzi wa muziki wa Uingereza. Wala si habari za tungo kuu zilizompatia sifa, bali za mchezo wa watoto.

Alizaliwa mwaka 1857 katika kijiji cha Broadheath, karibu na mji wa Worcester. Baba yake alikuwa fundi wa kulinganisha sauti za piano, tena mwenye duka la muziki na mpiga kinanda kanisani. Kijana alitamani kwenda Leipzig, Ujerumani, kusomea muziki, lakini fedha hazikupatikana. Basi alipopata miaka 15 aliacha shule, akaingia katika ofisi ya wakili kuwa karani. Naam, Mabwana, karani! Hakudumu huko ila mwaka mmoja hivi. Na utunzi alijifundisha mwenyewe, kwa vitabu na kwa vyombo vya dukani mwa babaye.

Utotoni mwake yeye na ndugu zake walibuni mchezo wa kuigiza. Mahali pake ni penye miti, pamekatwa na kijito: upande huu maisha ya kila siku, ng'ambo ya pili nchi ya ajabu. Wazee wawili, ndio baba na mama, ambao watoto waliwaona kuwa watawala wakali, walipaswa kuvutwa wavuke daraja, wapate kuyaona mambo kama mtoto ayaonavyo. Edward ndiye aliyeutungia muziki. Wapigaji walikuwa haba. Kwa hiyo katika kipande kimoja, cha kuleta usingizi, sauti ya chini ina noti tatu tu, za nyuzi zilizo wazi za fidla kubwa, hata mtoto asiyejua muziki aweze kuzikwaruza. Jambo hili latupendeza kupita yote. Aliwatungia watu aliokuwa nao.

Miaka ikapita, akawa mtu mashuhuri. Mwaka 1904 Mfalme akampa cheo cha Sir. Hata mwaka 1907, alipotimiza miaka 50, akayafungua yale madaftari, akaziandika upya nyimbo zake kwa okestra kamili, akaziita The Wand of Youth. Fungu la kwanza lilipigwa London Desemba ya mwaka huo, la pili Worcester mwaka 1908. Hesabu ya kazi zake ilikuwa imekwisha kupita 50, lakini hizi alizipa namba 1A na 1B.

Wako waulizao: Je, huu ni muziki wa mtoto, au wa mtu mzima ajifanyaye mtoto? Kwa maoni yetu nyimbo ni za mtoto, mavazi ni ya bwana mkubwa. Wimbo wa majitu umo katika daftari la mwaka 1867, alipokuwa na miaka 10. Lakini ngurumo za vyombo vya shaba mtoto yule hakuwa nazo. Twalisema hili kwa kuwa wamo humu watungao nyimbo za kwaya kwa do-re-mi, kama tulivyofundishwa misheni, kisha huzichana wasije wakachekwa na waliosoma zaidi.

Na mwaka ule ule wa 1908, tarehe 3 Desemba, simfoni yake ya kwanza ilipigwa Manchester.

Sasa twamwomba Bwana Katibu aizungushe santuri. Zisikilizeni zile noti tatu.