Lushoto: Kutoka Boma la Wageni hadi Mji wa Wenyeji



Makao makuu ya wilaya hayakuwa Lushoto tangu kale. Kiti cha Usambara kilikuwa Vuga, ambako wafalme wa Kikilindi, uzao wa Mbegha, walikata mashauri ya nchi. Kimweri ye Nyumbai alipofariki mwaka 1862, warithi wake walipigana wao kwa wao, na Wajerumani wakaikuta nchi imegawanyika. Mwaka 1895 walimnyonga Mputa, mtawala wa Vuga. Kabla karne haijaisha, boma lao lilikuwa katika bonde la Lushoto, walilolipa jina la Wilhelmstal kwa heshima ya Kaisari wao.

Baridi ya milima iliwavutia wageni. Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na njia ya masetla ikawa rahisi. Mwaka 1907 boma likaanza kugawa kadi: mwanamume alipaswa kumfanyia setla kazi siku 30 katika kila miezi 4. Kwa mkulima wa Kisambaa, mji ulikuwa mahali pa kuamriwa.

Injili nayo ilipanda milima hii chini ya bendera ileile. Mwaka 1891 wamisionari Wohlrab na Johanssen walianza kazi Mlalo. Lakini bendera iliposhuka, Injili haikushuka nayo. Waingereza waliutwaa mji mwaka 1916. Jina la Kaisari likaondoka, la Lushoto likabaki. Wamisionari wa Kijerumani walipoondolewa, walimu na wazee wa Kiafrika ndio walioshika kazi. Hivyo kanisa lilianza kuwa mikononi mwa wenyeji miaka mingi kabla ya ofisi ya wilaya, iliyosubiri Uhuru wa mwaka 1961.

Tarehe 19 Juni 1963 Kanisa la Usambara-Digo liliungana na mengine sita kuunda KKKT, na Lushoto ni makao ya Dayosisi ya Kaskazini Mashariki.

Mji ulioanza kwa amri umekabidhiwa utumishi. Ofisi za serikali na za kanisa zina deni moja: mkulima atokaye Mlalo au Mtae asirudi kwake bila kusikilizwa. Deni hilo ndilo urithi wa karne ijayo.

Mungu aibariki Lushoto. Amina.