Mgeni Asiyepewa Jembe: Maisha ya Mwandishi Ndani ya Kambi ya Jeshi Vitani



Naomba nianze na soketi. Katika kambi moja ya jeshi kusini mwa Somalia, nilikolala usiku kumi na moja, jenereta lilikuwa likizimwa saa nne usiku ili kubana mafuta. Kontena letu lilikuwa na waya mmoja wa umeme wenye matundu manne. Matatu yalikuwa ya betri za redio za kikosi, na hayo hakuna aliyeyagusa. La nne lilikuwa na foleni. Usiku wangu wa pili, ikiwa imebaki nusu saa taa zizimwe, sajenti aliyelala kitanda cha pili kutoka changu alichomoa simu yake, akanyoosha mkono kuomba betri ya kamera yangu, akaichomeka mwenyewe. "Wewe umekuja kazini, ndugu mwandishi," akaniambia, akajifunika shuka.

Kesho yake nilitoka doria na kikosi chake. Njiani walimsimamisha mzee mmoja mwenye mkokoteni, wakampekua kwa namna ambayo sikuipenda. Niliporudi kambini nilikaa na daftari mapajani karibu nusu saa bila kuandika neno, macho yakiwa kwenye ile soketi. Hatimaye niliandika nilichokiona. Ila ile nusu saa ndiyo iliyonileta mbele yenu leo.

Tukizungumzia uhuru wa mwandishi anayeambatana na jeshi, mara nyingi tunakimbilia udhibiti: nani anasoma habari kabla haijatumwa, picha gani imekatazwa, afande gani kagoma kuhojiwa. Hayo yana uzito wake. Lakini uhuru huanza kumegwa mapema zaidi, kwenye kitanda, kwenye dumu la maji, kwenye dawa ya kuhara. Kila ambacho hukubeba utakiomba. Ukiomba utapewa, kwa sababu askari walio mstari wa mbele ni watu wakarimu kuliko wengi tunavyodhani. Na ukishapewa una deni, na mwandishi hana cha kulipia ila kalamu yake.

Utaratibu tunaoufuata tumeurithi kwa sehemu kubwa kutoka Iraki. Februari 2003 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilitoa mwongozo wa kuwapachika waandishi ndani ya vikosi, na vita vilipoanza mwezi uliofuata waandishi zaidi ya 600 walikuwa wamepewa nafasi. Masharti yalikuwa wazi. Kikosi kitampa mwandishi chakula, mahali pa kulala, usafiri na matibabu ya dharura. Mwandishi atakuja na kofia yake ya chuma na fulana yake ya kuzuia risasi. Hataruhusiwa gari lake mwenyewe wala silaha. Atatia saini kwamba yakimpata ya kumpata hatalishtaki jeshi. Wakenya walipoingia Somalia Oktoba 2011 katika operesheni ya Linda Nchi, waandishi wa Nairobi nao walipanda magari ya jeshi kwa mtindo uleule wa kulishwa, kulazwa na kubebwa na wale unaowaandika.

Nawaomba tumkumbuke David Bloom, mwandishi wa televisheni ya NBC ya Marekani. Alikuwa na miaka 39, akisafiri na Divisheni ya 3 ya Askari wa Miguu kuelekea Baghdad, akitangaza moja kwa moja juu ya gari la deraya lililofungwa mitambo ya setilaiti. Aprili 6, 2003, alianguka akafa. Hakupigwa risasi. Damu ilikuwa imeganda, bonge likaziba mishipa ya mapafu. Siku nyingi alikuwa akikaa na kulala amejikunja ndani ya gari lisilo na nafasi ya kunyoosha miguu, na mguu ulikuwa ukimuuma. Sisi tunaolala kwenye magari hayo tunayajua maumivu hayo, na kwa kawaida tunayaita uchovu. Mhariri anayemwuliza mwandishi wake kwa simu ya setilaiti "una picha?" hamwulizi "jana ulilala umenyooka?" Kwa Bloom, swali la pili lilikuwa la kufa na kupona.

Siku moja baada ya kifo chake, Julio Anguita Parrado wa gazeti la El Mundo na Christian Liebig wa jarida la Focus waliuawa kwa kombora lililotua kwenye kambi ya brigedi ya Marekani kusini mwa Baghdad. Walikuwa wamechagua kubaki nyuma siku hiyo kwa kuona ni salama zaidi kuliko kuingia mjini na msafara. Nalisema hili kwa sababu wahariri wetu wana neno la kujifariji: "yuko kambini." Huku kwetu, Septemba 17, 2009, magari mawili yenye alama za Umoja wa Mataifa yaliingia makao makuu ya AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika nchini Somalia, mjini Mogadishu, yakalipuka. Walinda amani 17 walikufa, akiwemo naibu kamanda wa kikosi, Meja Jenerali Juvénal Niyoyunguruza wa Burundi. Siku ya Krismasi ya 2014 eneo la Halane, palepale penye uwanja wa ndege, lilivamiwa tena. Ukuta wa viroba vya mchanga unazuia vipande vya chuma. Kumwambia mkeo kwamba umelala salama ni ahadi ambayo ukuta huo hauwezi kuitimiza.

Kambi zenyewe hazifanani. Kandahar, nchini Afghanistan, wakati wa majeshi ya NATO, palikuwa mji mzima: kulikuwa na duka la kahawa la Tim Hortons lililoletwa na Wakanada, na dimbwi la majitaka ambalo hakuna aliyelala pale akasahau harufu yake. King'ora cha roketi kikilia, mwenye kikombe mkononi hulala kifudifudi sakafuni pamoja na wote. Kwenye kituo cha Restrepo, bonde la Korengal, nchini humohumo, ambako waandishi Sebastian Junger na Tim Hetherington walikuwa wakienda na kurudi mwaka 2007 na 2008, hapakuwa na maji ya bomba. Mwandishi aliyezoea kambi ya aina ya kwanza akipelekwa ya pili bila kuambiwa, siku tatu za mwanzo hafanyi kazi yoyote ya maana, anapigana na mwili wake.

Na mwili ndio unaosahauliwa. Kati ya 2009 na 2010 askari zaidi ya 200 wa AMISOM, Mogadishu, walivimba miguu, na wanne wakafa. Mwanzoni walishukiwa kuwa na ugonjwa wa panya. Uchunguzi ukaonyesha ni beriberi, upungufu wa vitamini B1, kwa watu waliofungiwa kambini wakila chakula kilekile miezi nenda rudi. Mgeni wa wiki mbili hapati beriberi. Lakini mwandishi anayekwenda na kurudi mwaka mzima anakula kutoka sufuria hilohilo, na sijaona chumba cha habari kinachompa hata vidonge vya vitamini. Huko Iraki, kwenye kambi ya Balad, taka za kila aina zilichomwa kwenye mashimo ya wazi na moshi ukawaingia watu vifuani. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria ya kupanua matibabu ya askari wastaafu waliovuta moshi huo. Sheria ile ni ya waliovaa sare. Mwandishi aliyelala hema la jirani hakutajwa, na anayekohoa leo anajinunulia dawa.

Kwa dada zetu hali ni ngumu zaidi, na nitasema waziwazi kama mwenzangu mmoja alivyoniruhusu niseme. Choo kilikuwa mita mia moja kutoka hemani, hakina komeo, na tochi ilikatazwa usiku kwa sababu ya walenga shabaha. Akaacha kunywa maji kuanzia saa tisa alasiri ili asitoke usiku. Jua la nyuzi 38, fulana ya kilo zaidi ya kumi, na maji hanywi! Siku ya sita alikuwa na homa na maambukizi ya njia ya mkojo. Alipoulizwa na daktari wa kikosi kwa nini hakusema, alimjibu kwamba wa kuambiwa alikuwa kamanda, na kamanda ndiye mwenyeji, ndiye mwenye gari, ndiye mwenye ruhusa ya doria ya kesho. Angesumbuliwa na askari usiku, mlango wa kubisha ungekuwa uleule.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kambini jembe ni bunduki, na hilo mwandishi haruhusiwi kulishika. Kifungu cha 79 cha Itifaki ya Kwanza ya 1977 ya Mikataba ya Geneva kinamhesabu mwandishi kuwa raia. Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949 unamtaja mwandishi wa vita aliyepewa idhini ya kuambatana na jeshi, kwamba akikamatwa ana haki za mfungwa wa vita. Kinga hizo zote zinasimama juu ya mikono mitupu. Ila siku ya tatu inafika, na wenyeji wanaanza kukutazama. Utaombwa ushike dripu ya majeruhi: shika, tena kwa mikono miwili. Utaombwa ubebe machela: beba. Utaombwa usogeze kasha la risasi "hapo tu", au ukae lindo dakika tano jamaa akajisaidie. Hapo ukatae, hata kama aliyekuomba ndiye aliyekupa chandarua chake jana. Kukataa huko ni rahisi kwa aliyekuja na chandarua chake.

Ndiyo maana ninachowaomba wahariri ni vitu vidogo, na naviomba kwa msisitizo wote: betri za akiba, taa ya jua, dawa za malaria na za tumbo, chumvi za maji, viatu vilivyokwisha kuvaliwa vikalainika, simu ya setilaiti isiyo ya jeshi, na bima inayomtaja pia mkalimani na dereva kwa majina yao. Mkalimani hana kitanda hata ndani ya kontena. Mara ngapi tumelala sisi ndani, naye akalala chini ya gari?

Kabla ya safari ile ya usiku kumi na moja niliandika kwenye fomu ya maombi ya chumba chetu cha habari: betri mbili za akiba za kamera. Fomu ilirudi ikiwa na mstari wa kalamu nyekundu juu yake na neno moja pembeni, "azime". Nikaazima. Siku ya kuondoka, nikimshukuru yule sajenti, ndipo jamaa wa kitanda cha kati aliponieleza kwamba saa tatu na nusu ndiyo saa pekee binti wa sajenti alikuwa macho nyumbani akisubiri simu, na kwamba usiku ule haikupigwa. Fomu hiyo ninayo hapa, nitaipitisha mezani wakati wa majadiliano.