Mafua Si Mzaha kwa Wazee Wetu

(Mada iliyotolewa baada ya darsa la Alasiri, Lowarengak)



Ndugu yangu msomaji, wewe ukishikwa na mafua unakunywa chai ya tangawizi, unapiga chafya siku tatu, yameisha. Mimi pia nilidhani hivyo. Mwaka jana mwezi wa Shaaban chuo kilipofungwa nilipanda basi la usiku Kitale hadi Lodwar, kisha lori mpaka hapa kwetu, pua ikichuruzika njia nzima. Nilipofika nikambusu nyanya mkono. Siku ya nne alikataa uji, akaanza kuniita kwa jina la marehemu babu. Homa hakuwa nayo, kwa hivyo tukasema ni uzee tu. Kumbe ni mapafu! Mzee anaweza kuugua sana na mwili usipande joto. Angalia pumzi za haraka, kuchanganyikiwa, kukataa chakula. Tulimfikisha Lodwar akawekwa oksijeni. Yuko hai, Alhamdulillah, lakini akienda kutia udhu hupumzika njiani mara mbili.

Tena si Korona peke yake. Kati ya 2007 na 2010 wagonjwa wa kifua walipimwa Kakuma na Dadaab, vikaonekana virusi vya influenza, vya RSV na vinginevyo, miaka kabla Korona haijaingia Kenya Machi 2020. Na si wazee tu. Mwenye kisukari, anayetibiwa saratani, mwenye VVU asiyetumia dawa, hata akiwa rika lako, kinga yake ni dhaifu. Antibiotiki za dukani haziui virusi, jamani, ni kutupa pesa.

Basi tufanyeje? Ukiwa na kikohozi, swali Tarawehe nyumbani. Mbona 2020 misikiti ilipofungwa tuliswali majumbani na Ramadhani ikawa Ramadhani? Mzee msalimie kwa mdomo, mkono ngoja upone. Kile kikombe kimoja cha maji ya futari kinachozunguka safu nzima, hapa sina haya kusema, tukiache. Ulizeni zahanati kuhusu chanjo ya Korona na ya influenza. Na mgonjwa asijilazimishe kufunga, ruhusa imo katika Suratul Baqara: akipona atalipa, na mzee asiyeweza tena atatoa fidia. Leo usiku tufungue madirisha ya msikiti, hata upepo wa ziwa ukituletea mchanga.

Wabillahi tawfiq.