Ajali Ina Kinga: Kemikali Hatari na Miji ya Mlima Kenya

Mhadhara wa umma, Nyeri

 

Kila tunapowazika waliokufa kwa moto wa petroli au kwa sumu, hakosi mtu wa kusimama na kusema, "Ajali haina kinga." Msemo huu una huruma ndani yake, maana haumlaumu marehemu wala jamaa zake. Lakini mimi ni mhandisi wa kemikali, na kazi yangu yote ni kuupinga. Ajali ya kiwandani ina kinga, tena nyingi. Ikitokea, jueni kwamba kinga hizo zilitoboka moja baada ya nyingine kabla ya siku yenyewe, na mara nyingi yuko aliyejua. Jioni hii nataka tutenganishe vitu viwili vinavyofanana kwa mbali: kinga inayofanya kazi, na kinga iliyoandikwa tu.

Wengi wetu tukisikia usalama kazini tunafikiria kofia ngumu, buti na glavu. Vifaa hivyo humwokoa mtu asiumie akiteleza au akiangukiwa na kitu. Havizuii tangi kupasuka. Tarehe 23 Machi 2005, mtambo wa kusafishia mafuta wa kampuni ya BP huko Texas City, Marekani, ulilipuka ukaua watu 15 na kujeruhi wengine 180. Siku hiyohiyo wafanyakazi wa kandarasi walikuwa wameandaliwa chakula cha mchana kuwapongeza kwa kumaliza mwezi bila mtu kuumia hadi kushindwa kufika kazini. Wakati wanakula, mnara mmoja ulikuwa unafurika mafuta, na kipimo chake kikionyesha kwamba kiwango kinashuka. Rekodi ya majeraha ilikuwa safi. Kipimo kilikuwa kinadanganya.

Miaka 20 kabla yake, usiku wa kuamkia tarehe 3 Desemba 1984, tani zipatazo 40 za methili isosianeti zilivuja kutoka kiwanda cha dawa za wadudu cha Union Carbide mjini Bhopal, India, na kuua maelfu ya watu waliokuwa wamelala. Kiwanda kile hakikukosa kinga. Kulikuwa na mtambo wa kuipoza kemikali ile. Ulikuwa umezimwa tangu Juni. Kulikuwa na mnara wa kuichoma gesi ikitoroka. Bomba lake lilikuwa limefunguliwa kwa matengenezo. Kulikuwa na mtambo wa kuisafisha gesi kwa magadi. Usiku ule haukuwa tayari kwa kazi. Mkaguzi aliyeshika mchoro mkononi angehesabu kinga tatu. Usiku ule hapakuwa na hata moja.

Sasa turudi nyumbani. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024, mtaani Mradi, Embakasi, Nairobi, lori lililobeba gesi ya kupikia lililipuka. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 270 wakajeruhiwa. Kesho yake, Mamlaka ya Udhibiti wa Kawi na Petroli, EPRA, ilieleza kwamba ilikuwa imekataa maombi ya kujenga kituo cha gesi mahali pale mara tatu mwaka 2023: Machi, Juni na Julai. Sababu mojawapo ilikuwa wingi wa watu waliokaa jirani. Kwa hiyo yule aliyepewa kazi ya kuona hatari aliiona, akaandika, akatia sahihi. Lakini neno "hapana" lilibaki ndani ya faili, na gesi ikabaki mtaani. Katazo lisilofunga valvu ni barua tu.

Ili tuelewane, tuutazame mtungi wa kilo 13 ulioko jikoni kwenu. Ndani yake mna kimiminika, mchanganyiko wa propani na butani. Lita moja ya kimiminika hicho ikitoka nje hugeuka gesi ya lita zipatazo 250. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo haipandi ikapotelea darini. Hutambaa sakafuni, ikapita chini ya mlango, ikatafuta shimo na mtaro. Yenyewe haina harufu. Ile harufu kali ya kitu kilichooza imetiwa makusudi, ndiyo kinga yako ya kwanza. Kinga ya pili huioni: mtungi haujazwi pomoni. Huachwa nafasi ya karibu sehemu moja kwa tano, kwa sababu kimiminika hutanuka kikipata joto. Anayejaza uani, gizani, bila mizani, hajui kama ameiacha nafasi hiyo au ameimaliza.

Hapo ndipo baridi yetu inapoingia. Butani huchemka karibu na nyuzi sifuri, kwa hiyo asubuhi ya Julai hapa Nyeri moto wa gesi hulegea. Wapo wanaoumwagia mtungi maji yanayochemka, na wapo wanaousogeza kando ya jiko la makaa. Kama aliyeujaza aliimaliza ile nafasi, joto hilo halina pa kukisukumia kimiminika ila kwenye chuma cha mtungi. Kosa lililofanywa uani na mtu mmoja hukamilishwa jikoni na mwingine, na wawili hao hawajuani.

Petroli nayo haitujali kwa baridi yetu. Hutoa mvuke unaoweza kushika moto hata katika nyuzi 40 chini ya sifuri, jambo ambalo hata baridi ya Batian, kilele cha Mlima Kenya, haiwezi kulizuia. Bomba kuu la mafuta la nchi hii linatoka Mombasa kwenda Nairobi, Nakuru, Eldoret na Kisumu, halipandi huku. Mafuta na gesi yetu huja kwa magurudumu, mengi kwa malori yanayopita Kenol, Sagana na Marua, kando ya masoko na malango ya shule. Na tunakumbuka Sachang'wan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009: lori la petroli lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota na mitungi yao, moto ukawaka. Zaidi ya watu 100 walikufa. Tusiseme ni ujinga tu. Mtu mwenye njaa akiona mali inamwagika barabarani huhesabu faida kwanza. Kinga ya kweli ni polisi na zimamoto kufika kabla ya mitungi, na watu kuwa wamefundishwa mapema kwamba mvuke wasiouona umeshawazunguka.

Mwaka wa 2024 haukutuacha sisi wa mlimani. Siku chache tu baada ya Embakasi, kijijini Kangai, Kirinyaga, watu 17 walikufa kwa pombe yenye sumu. Serikali ilieleza kwamba pombe hiyo ilikuwa kielelezo kilichokuwa kimezuiliwa katika kituo cha polisi, kikatoroshwa na kurudi baa. Mtasema hicho si kiwanda. Mimi nasema ni somo lilelile. Mei 2014 methanoli, kemikali ya viwandani, ilikuwa imeshaua makumi ya watu Embu, Kiambu, Murang'a na kwingineko kwa kutiwa katika pombe. Ini huigeuza kuwa asidi inayopofusha macho kabla ya kuua. Kitu hatari hakiwi salama kwa kukamatwa. Huwa salama kinapohesabiwa, kinapofungiwa, na kinapoharibiwa mbele ya mashahidi.

Tufanye nini basi? Naanza na umbali, kwa sababu umbali ni kinga isiyohitaji umeme wala fundi. Kituo cha gesi hujengwa leo katikati ya mibuni, na jirani pekee ni ng'ombe. Kisha shamba linakatwa vipande vya robo na nusu ya robo ekari, watu wanajenga, na baada ya miaka michache kituo kimezungukwa na nguo zilizoanikwa. Hakuna aliyevunja sheria siku ya kwanza. Hatari ilikua pamoja na mji. Kaunti ikimpa mtu kibali cha kituo, ichore pia mpaka unaokizunguka, na asiuziwe mtu ploti ya makazi ndani ya mpaka huo.

Pili, kila kinga iwe na mwenyewe na tarehe. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka kamati ya usalama mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, na ukaguzi kila miezi 12. Ni vyema. Lakini mkaguzi asiulize, "Mna valvu ya dharura?" Aulize, "Mara ya mwisho mliifunga lini, na nani aliona ikifunga?" Swali la kwanza hujibiwa kwa karatasi. La pili hujibiwa kwa mkono.

Tatu, mfanyakazi anayesema "hapa pananuka gesi" asionekane mchochezi. Katika viwanda vingi yeye ndiye kipimo pekee ambacho hakijaharibika. Ukimfukuza, umekizima.

Wanafunzi wangu, mtaajiriwa katika viwanda vya chai, vya maziwa, vya soda, na bohari za mafuta. Mtaletewa fomu zilizojazwa vizuri mtie sahihi. Kabla ya kutia, inukeni mkaguse kilichoandikwa.

Na nyinyi wazazi wetu, usiku huu mkifika nyumbani msiishie kuzima jiko. Fungeni gesi kwenye mtungi wenyewe ndipo mlale.