Lugha ya Mlezi na Masomo ya Mtoto

(Maneno yaliyosomwa na karani katika mkutano wa mwaka wa chama)



Nimetakiwa niseme juu ya watoto na masomo, nami nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mimi na mke wangu hutoka alfajiri kwenda kazini Diani, tukarudi usiku. Mtoto hulelewa na mama yangu, ambaye lugha yake ni Chidigo. Siku moja mtoto alileta daftari la imla. Mahali pa “maji” ameandika “madzi”, mahali pa “macho” ameandika “matso”, na yote yamepigwa mstari mwekundu. Nikakasirika, nikamwomba mama asiseme naye tena ila Kiswahili.

Mama alikubali. Lakini Kiswahili chake ni cha sokoni, cha kuuliza bei na kurudisha salamu. Basi ngano zikakoma, vitendawili vikakoma, ikabaki “njoo”, “kula”, “lala”. Nilidhani nimemwongezea mtoto lugha, kumbe nimempunguzia maneno.

Mtoto aandikaye “madzi” ameisikia sauti sawasawa na kuitafutia herufi zake. Hiyo ndiyo kazi kubwa ya kusoma, naye ameiweza. Lililobaki ni kumwonyesha kwamba penye dz ya bibi, mara nyingi Kiswahili huweka j: madzi, maji, dzuwa, jua. Somo hilo ni la jioni moja, na mwalimu wake alipaswa kuwa mimi. Kiswahili tunakijua sisi wazazi. Mbona tulimtwika bibi? Na wenye kuajiri yaya Mduruma wakamkataza lugha yake, nao wafikiri.

Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya mahali pao katika miaka 3 ya kwanza, na mtaala wa sasa umeshika njia hiyo. Wala Chidigo si lugha isiyo na maandishi: kamusi yake, pamoja na Kiingereza na Kiswahili, ilitoka mwaka 2004.

Kwa hiyo naomba kamati itufungulie nyumba ya chama kila Jumamosi baada ya sala ya alasiri, bibi zetu wasimulie ngano, watoto waziandike, ukurasa mmoja Chidigo, wa pili Kiswahili. Madaftari nitayatafuta mimi. Mama nimekwisha mtaka radhi, naye amekubali kuanza.