KEKI YA TINGATINGA
Maneno ya Katibu mbele ya wanaushirika



Jumamosi tulioka keki ya mtoto wetu aliyetimiza miaka 5. Yeye alitaka tingatinga tu. Unga nusu kilo, siagi robo, sukari robo, mayai 6, maziwa kikombe, bekingi poda vijiko 4 vya chai. Mkaa mwingi juu ya kifuniko, chini kidogo. Sasa sisi wazee, na haraka zetu, tukafunua mapema kutazama. Ikabonyea! Mtoto akalia.

Tukakopa mayai mengine 6 kwa jirani. Safari hii tukangoja mpaka harufu ikatoka. Tukachoma njiti, ikatoka kavu. Ilipopoa tukakata mwili na kibanda cha dereva, biskuti 4 zikawa magurudumu. Sukari tuliitwanga, tukaichekecha, tukaikoroga kwa ndimu na maji kidogo ya choya, ikapata wekundu.

Mayai ya jirani tutalipa sisi tuliofunua, kabla ya Ijumaa.